Asikiaye Sauti Asipate Neno

Paukwa! Mmeitikia? Basi kaeni vizuri, wanangu. Leo sina sungura wala fisi. Leo nina sikio, na mwenye sikio ni msichana wa Kengeja, huko kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani. Msichana huyu nimemtunga mwenyewe, msije mkaenda kumuulizia nyumba kwa nyumba. Ila yanayomfika si ya kutunga. Yanawafika watoto wa kweli katika nchi nyingi duniani, na wengi wao humaliza skuli bila ya mtu kujua wana nini.

Jioni mama yake yuko jikoni anakuna nazi. Anamwita. Msichana anageuka palepale na kuitika, "Labeka!" Lishikeni hilo: ameitwa, amesikia, ameitika. Mama anamwambia, "Niletee chungu." Mtoto anakwenda mbio, anarudi na chungwa. Mama anacheka, anamenya lile chungwa na kumpa. Kesho yake anaambiwa, "Kamwite kaka yako," naye anatoka uani kumwita paka. Safari hii mama hacheki. "Mtoto huyu ana maskhara! Nikimwita anasikia, nikimtuma hasikii."

Skuli nako ni vivyo hivyo. Maalim anasoma imla, darasa limejaa watoto, mvua ya masika inapiga bati. Wenzake wanaandika "pata", yeye anaandika "bata". Wanaandika "toa", yeye "doa". Siku moja kavu maalim anamwita chini ya mwembe, wawili peke yao, anamuuliza maneno yale yale, naye anayapata karibu yote. Maalim anarudi darasani na hukumu yake: huyu anasikia anapotaka. Na wakubwa wanayo methali ya kumtupia mtoto wa namna hiyo: sikio la kufa halisikii dawa. Kwa mkaidi ni methali ya haki. Kwa msichana wetu ni dhulma, kwa sababu sikio lake halijafa, na dawa hajapewa bado akaikataa.

Ili mjue lina nini, ingieni nami ndani.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Inapita kwenye tundu la sikio na kugonga kiwambo, kiwambo kinatikisa vijifupa vitatu vilivyoshikana. Kijifupa cha mwisho ndicho kidogo kuliko mifupa yote ya mwili wako, urefu wake ni kiasi cha milimita 3. Nyuma yake ipo koklea, kijumba cha mfupa kilichojiviringa mizunguko miwili na nusu hivi, ndani kimejaa majimaji. Humo zimepangwa seli zenye vinyweleo, nazo ni za aina mbili. Msizichanganye, maana hadithi yote imekaa hapo.

Za kwanza ni seli za nje. Kila sikio lina kiasi cha 12,000, katika safu tatu. Kazi yake ni kuongeza nguvu. Sauti ndogo ikiingia, seli hizi hurefuka na kufupika harakaharaka, zikaikuza mpaka ikatosha. Za pili ni seli za ndani, kiasi cha 3,500 tu, safu moja. Hizi ndizo zinazougeuza mtikisiko kuwa ujumbe na kuukabidhi kwa neva ya usikivu, ule mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama 30,000 unaopanda kwenda kwenye ubongo.

Uziwi tuliouzoea mara nyingi huanzia kwenye seli zile za nje. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuziua. Sindano za dawa kama gentamisini zinaweza kuziua. Mwengine amezaliwa hivyo kwa kurithi. Zikishakufa hazioti tena, na sauti ndogo hazikuzwi. Lakini msichana wetu seli zake za nje ni nzima. Kasoro yake iko mbele ya hapo: kwenye seli za ndani, au pale zinapokabidhi ujumbe, au katika neva yenyewe. Sauti imeingia vizuri, imekuzwa vizuri, kisha imevurugika njiani kabla ya kufika kwenye ubongo. Madaktari wanaiita hali hii niuropathi ya usikivu.

Nisikilizeni niwaeleze inavyovurugika. Kengeja ni mojawapo ya vijiji vya Pemba vinavyocheza mchezo wa ng'ombe, sawa na Pujini na Chwale. Ng'ombe hauawi. Huchezwa tu, akawakimbiza watu na watu wakamkwepa, huku ngoma zikilia na wanawake wakiimba. Wafikirieni wapigaji wa ngoma. Wakipiga kwa pamoja, hata aliye mbali kondeni anaijua ngoma inayopigwa. Sasa kila mmoja apige kwa wakati wake, huyu kawahi kidogo, yule kachelewa kidogo. Kishindo ni kile kile, lakini ngoma haijulikani tena. Nyuzi za neva ya usikivu nazo zinatakiwa zipige kwa pamoja, zikipishana kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Za msichana wetu hazipatani. Ubongo wake unapata habari kwamba kuna sauti. Haupati ni sauti ya nini.

Jaribuni wenyewe. Semeni: kaka, paka, taka, saka. Irabu ni zile zile, zina nguvu na zinakaa. Kinachotenga neno na neno ni konsonanti ya mwanzo, nayo inapita kufumba na kufumbua. Kati ya "pata" na "bata" tofauti yenyewe ni ya muda: kwenye b koo linaanza kutetema mapema, kwenye p linachelewa, na kuchelewa huko hakufiki hata moja ya kumi ya sekunde katika hali nyingi. Sikio zima linaikamata tofauti hiyo bila ya kufikiri. Sikio ambalo nyuzi zake hazipatani linaipoteza. Kwa hiyo kaka na paka, kwa msichana wetu, ni a na a, na katikati yake ni kubahatisha.

Na chini ya mwembe je, mbona alijibu? Pale palikuwa kimya, na maalim alikuwa amekaa mbele yake. Msichana alikuwa akimsoma midomo. Watoto hawa ni mafundi wa kusoma midomo, ingawa hakuna aliyewafundisha. Darasani maalim alikuwa ameugeukia ubao, na mvua ya juu ya bati ikafunika hata kile kidogo alichokuwa akikipata.

Sasa atajulikanaje? Hapa ndipo ninapotaka masikio yenu yote.

Kipimo cha kawaida ni hiki: unavalishwa vifaa vya masikioni, sauti nyembamba inalia, ukiisikia unanyanyua mkono. Msichana wetu atanyanyua. Wapo wenzake wanaonyanyua hata kwa sauti ndogo sana, na wapo wasionyanyua mpaka sauti iwe kubwa. Wengine leo majibu yao ni haya, wiki ijayo ni mengine. Kipimo hicho kinauliza swali moja tu, kama sauti imefika. Ndiyo sababu karatasi yake inaweza kufanana kabisa na karatasi ya mtoto mwenye uziwi wa seli za nje, na wote wawili wakaandikiwa dawa moja. Mtaalamu makini huongeza kumsomea maneno, kwanza penye kimya, kisha penye kelele, mtoto ayarudie. Akiona mtoto anazisikia sauti vizuri kuliko anavyoyafahamu maneno, anajua pana jambo, na hapo anaomba vipimo viwili vingine.

Cha kwanza kinashangaza. Mnajua kwamba sikio nalo linatoa sauti? Wallahi. Zile seli za nje zikitikisika, hurudisha mwangwi mdogo mno unaotoka nje kwa njia ile ile iliyoingilia sauti. Mwanasayansi wa London, David Kemp, aliuonyesha ulimwengu jambo hilo mwaka 1978. Tangu hapo ikawa mtu anatiwa kizibo chepesi sikioni, ndani yake mna kispika na maikrofoni ndogo, kispika kinatoa milio na maikrofoni inasikiliza mwangwi. Kipimo hiki hakiumi, na mtoto mchanga anapimwa akiwa amelala. Mwangwi ukirudi, seli za nje zi hai.

Cha pili kinaifuata sauti mbele zaidi. Unabandikwa elektrodi chache, kwenye paji la uso na nyuma ya masikio, unasikilizishwa milio mifupi mamia kwa mamia, na kompyuta inayachora mawimbi ya umeme yanayopita kwenye neva na shina la ubongo. Mawimbi hayo yanatokea ndani ya sehemu 10 za elfu za sekunde baada ya mlio. Don Jewett na John Williston waliyaeleza vizuri huko Marekani mwaka 1971. Nyuzi zikipiga pamoja, mawimbi yanasimama wazi, la kwanza, la pili, mpaka la tano. Zisipopatana, yanakuwa bapa au yanavurugika.

Viwekeni vipimo hivi viwili ubavu kwa ubavu. Mwangwi upo, mawimbi hayapo: hapo ndipo penyewe. Kimoja peke yake kinadanganya. Kuna hospitali nyingi duniani zinazowapima watoto wachanga kwa mwangwi tu, na mtoto wa namna hii hupita kwa alama nzuri, mama akaambiwa mwanawe hana neno. Na upo upande wa pili wa udanganyifu huo: kwa baadhi ya watoto mwangwi hupotea kadiri wanavyokua, au hufichwa na majimaji yaliyokaa nyuma ya kiwambo. Mwanafunzi wa miaka kumi anaweza kuukosa mwangwi na bado akawa na tatizo hili, kwa hiyo mtaalamu anayejua kazi yake hutazama pia ishara ndogo ya umeme ya seli zenye vinyweleo, inayoonekana katika kipimo kile kile cha elektrodi.

Watoto hawa walikuwepo siku zote. Jina ndilo lililochelewa. Mwaka 1996 daktari Arnold Starr na wenzake huko Marekani walieleza habari za wagonjwa 10, watoto na vijana, waliokuwa na mwangwi bila ya mawimbi, na ndipo niuropathi ya usikivu ikatambulika kwa jina hilo. Mwaka 1996 si zamani, wanangu. Walimu wenu wengi walikuwa wamekwishazaliwa.

Fikirini, basi, skuli za viziwi zilizokuwepo kabla ya hapo. Tanzania ilipata ya kwanza Tabora mwaka 1963, ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1974. Kwa miaka mingi mwanafunzi alipoingia katika skuli yoyote ya aina hiyo, popote duniani, aliandikwa kiziwi na basi. Wataalamu walipoanza kuwapima wanafunzi wa namna hiyo upya, kwa vipimo vyote viwili, waliwakuta kati yao watoto ambao masikio yao yanarudisha mwangwi. Makadirio yanayotajwa sana ni karibu mmoja katika kila kumi ya wenye upungufu wa kudumu wa usikivu. Na kwa kuwa sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilitaka watoto wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao, maalim wa darasa la kawaida kijijini naye anaweza kuwa na mmoja wao kwenye dawati la mbele, amemvalisha shime sikio, na bado anashangaa kwa nini haelewi.

Shime sikio linakuza sauti. Kwa mwenye seli za nje zilizokufa ni neema, maana kukuzwa ndiko alikokukosa. Kwa msichana wetu linakuza kishindo cha ngoma zisizopatana. Wapo wanaosaidika kidogo, na ni haki wajaribiwe chini ya uangalizi. Lakini akilivua na kulificha ndani ya mkoba, msikimbilie kumgombeza. Muulizeni linamfanya nini. Pengine ndiye mtaalamu wa kwanza kuligundua tatizo lake mwenyewe.

Kuna na kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji ndani ya koklea, kikaipelekea neva umeme moja kwa moja bila ya kupitia kwenye seli. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza upasuaji huo mwaka 2017. Wengi wenye niuropathi wananufaika nao, hasa kama kasoro iko kwenye seli za ndani. Kama neva yenyewe ni nyembamba mno au haipo, tumaini linapungua sana, kwa hiyo neva hupigwa picha kwanza. Na mwaka 2024 madaktari wa Shanghai walitangaza jambo lililonifurahisha mno: watoto 6 waliozaliwa na jeni mbovu la otofelini, protini inayozisaidia seli za ndani kukabidhi ujumbe, walitiwa jeni zima ndani ya sikio, na 5 kati yao wakaanza kusikia. Jeni hilo lilitambuliwa mwaka 1999. Mtoto hulirithi kutoka kwa baba na mama ambao wenyewe wanasikia vizuri. Baadhi ya aina zake ni za ajabu: mtoto anasikia siku zote, homa ikipanda anakuwa kiziwi, homa ikishuka usikivu unarudi.

Lakini si wote wanaorithi. Waiteni wakubwa waje wasikie hapa, hasa mama wajawazito na bibi zao. Njia moja kubwa ya kuipata niuropathi ya usikivu ni umanjano wa siku za mwanzo za uhai. Manjano ikizidi kwenye damu ya mtoto mchanga, inaingia kwenye ubongo, na mahali inapopenda kuumiza ni njia ya usikivu, huku seli za nje zikisalimika. Watoto njiti na waliochelewa kupumua walipozaliwa wako hatarini zaidi. Wako hatarini pia wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayopatikana sana katika nchi za malaria, pwani yetu ikiwemo. Kwa watoto hao vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyotiwa sandukuni kufukuza wadudu ni sumu. Nguo za mtoto zilizokaa navyo zinaweza kuivunja damu yake, na umanjano ukapanda kwa siku chache. Msiweke vidonge hivyo kwenye nguo za mtoto mchanga.

Ngozi nyeusi inaficha umanjano. Mtazame macho, ufizi, viganja na nyayo, tena mchana penye mwanga. Ukiuona siku ile ile aliyozaliwa, au ukafika kwenye viganja na nyayo, au mtoto akawa mzito wa kuamka na kunyonya, usingoje asubuhi. Hospitali wana taa ya mwanga wa buluu inayoivunja manjano, na damu hubadilishwa hali ikiwa mbaya zaidi. Kumuanika juani nyumbani hakutoshi.

Haya, turudi kwa msichana wetu. Kutoka Kengeja hospitali kubwa ya karibu ni ya Abdalla Mzee, Mkoani. Vipimo vya elektrodi vinahitaji mashine na mtaalamu, na safari inaweza kuendelea kwa meli kutoka bandari hiyo ya Mkoani hadi Unguja, na pengine Dar es Salaam. Ni nauli, ni siku za kazi, ni msimu wa karafuu unaopita. Najua. Ndiyo maana nasema mtoto apewe lugha sasa hivi, kabla ya meli, kabla ya mashine, kabla ya jibu. Lugha ya alama haiharibu usikivu na haimzuii mtu kujifunza kusema. Mikono haivurugiki njiani, kwani macho yake ni mazima. Wazazi wengi wanaichelea lugha ya alama, wakidhani ni kukata tamaa, na miaka ambayo ubongo wa mtoto una njaa ya maneno inapita bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika habari hii. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, kipo, na viziwi wakubwa ndio walimu bora wa lugha yao. Wazazi wajifunze, kaka naye ajifunze, ili siku nyingine aitwe yeye, paka abaki uani.

Nanyi wenzake darasani mna kazi. Mguseni bega kabla ya kusema naye. Mtazameni usoni. Msimpigie kelele, sauti kubwa haimsaidii. Akikosea neno msilirudie kumcheka. Liandikeni kwenye daftari mmuonyeshe.

Maalim, wewe ndiye unayemuona kila siku kuliko daktari yeyote. Ukiwa na mtoto anayeitika lakini haelewi, anayejibu penye kimya na kupotea penye kelele, ambaye leo anasikia na kesho hasikii, ambaye shime sikio halimfai kitu, yaandike hayo kwenye karatasi moja na umpe mzazi aende nayo hospitali. Na wewe mzazi, ukifika kwa daktari wa masikio, usiondoke na jibu la kipimo kimoja. Omba cha mwangwi na cha mawimbi, vyote viwili.